Kovu Lililofutwa na Mkono wa Kushoto

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na akili yake peke yake. Ule wa kulia ulishika mausi kama watu wengine wanavyoishika, lakini wa kushoto ulilala juu ya kibodi, kidole cha mwisho kikiwa kwenye kitufe cha Kontroli, gumba kwenye kile kitufe kirefu cha nafasi, na vidole vitatu vya katikati vikienda na kurudi bila yeye kuviangalia. Pale Mikumi tulimwita Fundi. Mafundi ni wengi kandokando ya barabara kuu, ila mtu akisema "Fundi" bila kuongeza wa simu, wa saa au wa pikipiki, alikuwa anamsema yeye, wa picha. Nilimfahamu kwa miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo mkono ule ulisafisha nyuso nisizoweza kuzihesabu, na ukafuta kovu moja ambalo halikupaswa kufutwa. Lilikuwa la binti wa Vidunda, kule mlimani, na mama yake alitaka lirudi. Fundi alikuwa na mambo mengine mengi, nami nitayasema, lakini kila ninapomkumbuka huishia kwenye kovu hilo.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, na kila mwaka nilikabidhiwa kazi ambayo wenzangu waliikwepa: picha za usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Kila mwanafunzi apigwe picha ya uso, nyuma yake kuwe na rangi ya bluu, masikio yote mawili yaonekane. Mwaka wa kwanza nilimpelekea picha nilizozipiga mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akazipitia moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, hawa walikuwa wanasomewa mashtaka?"

"Jua lilikuwa kali, Fundi."

"Jua halimkunji mtu hivi. Hawa wanakuogopa wewe."

Niliketi kwenye benchi nikisubiri aniambie nije kesho kutwa. Alizimaliza zote kabla ya adhana ya adhuhuri. Sikuona akifungua menyu hata moja. Picha ziliingia kwenye kioo, zikanyooka, zikakatwa, zikapata mandhari ya bluu, zikaondoka, na kilichosikika ni mlio wa vitufe tu, kama mtu anayemenya karanga. Nilimwomba anifundishe.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Ila uje na subira. Haraka utaikuta hapa," akaigusa kibodi.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuichomoa mausi na kuifungia kwenye droo. "Leo huna mkono wa kulia," aliniambia. Kisha akaniuliza maswali kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma Kurani kwa moyo, macho yake yakiwa nje, kwenye malori.

"Nimekosea."

"Kontroli na Z."

"Nataka nakala ya leya."

"Kontroli na J."

"Sioni vizuri."

"Kontroli na jumlisha."

"Brashi ni kubwa."

"Mabano ya mraba, lile la kufungua."

"Umeme unakatika."

"Kontroli na S."

"Umechelewa, Mwalimu. Umeshakatika."

Hilo la mwisho hakuliuliza kwa utani. Umeme wa kwetu ulikuwa ukiondoka bila kuaga, na kile kisanduku cha kuhifadhi chaji alichokiweka chini ya meza kilikuwa kimekufa zamani, kikabaki kuwa mahali pa kuwekea miguu. Alikwisha kupoteza kazi za siku nzima. Kwa sababu hiyo mkono wake ulijifunza kusevu wenyewe, kila baada ya mapigo machache ya brashi, kama mtu anavyopepesa macho. Nilipomwambia kwamba kwenye kibodi yake herufi S imefutika kabisa, aliitazama akashangaa. Hakuwa anajua.

Kwa kuwa alisevu hovyo namna hiyo, alijiwekea sharti moja. Picha yoyote aliyoletewa aliinakili kwanza kwenye kompyuta yake, kisha akatengeneza leya ya pili, tabaka la kufanyia kazi juu ya picha yenyewe, ndipo akaigusa. Wale vijana waliokuja kujifunza kwake na wakaliruka sharti hilo aliwafukuza. Mmoja alilalamika kwamba ilikuwa mara moja tu. Fundi alimwambia, "Hii sura umeazimwa. Mwenyewe akiitaka utampa nini, pole?"

Nje ya kibodi alikuwa mtu mzito wa kila kitu. Alikula polepole hata wali ukapoa. Alitembea kama aliyepoteza sindano njiani. Ukimpigia simu, aliiacha iite, akaitazama, akafikiri, ikakatika. Mkewe alikuwa amefariki kabla sijamjua, na bintiye, aliyeolewa Masanze, aliniambia kwamba alipokuwa mdogo baba yake alichukua asubuhi nzima kumsuka nywele. Kwa wateja alikuwa na ulimi. Mwanamke mmoja wa pale sokoni alimwinamia akamnong'oneza, "Fundi, nifanye mweupe kidogo."

"Mweupe wa nini, dada? Picha si ya kitambulisho?"

"Kidogo tu jamani."

"Polisi wakikusimamisha watasema umekiiba."

Benchi zima lilicheka, na yule dada mwenyewe. Hata hivyo, mabibi harusi aliwang'arisha bila kuombwa. Chunusi, madoa, alama za kuungua na mafuta, vyote viliondoka. Alibonyeza J, ambayo ndiyo brashi ya kuponya, akagusa hapa na pale, na ngozi ikafunga. Marehemu, kwa upande mwingine, aliapa kwamba hawagusi. Aliwatoa tu kwenye picha ya kikundi, au kwenye kitambulisho kilichochakaa, akawawekea mandhari safi. "Mimi nasafisha, sichori," alisema. "Akifika kule apokewe alivyo."

Apokewe alivyo, isipokuwa nguo. Wanaume wengi walioaga dunia huku kwetu hawakuacha picha wakiwa wamevaa suti, na ndugu zao walitaka suti. Fundi alikuwa na moja, ndani ya kompyuta: koti jeusi, shati jeupe, tai ya bluu yenye mistari. Aliishusha kwenye mabega ya yeyote, Kontroli na T, akaivuta ikakaa. Nimeingia kwenye misiba Ruaha, Kidodi hadi Masanze, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu, nikainua macho ukutani na kuikuta tai ile ile. Wazee waliogombania mpaka wa shamba maisha yao yote walizikwa wakiwa wamevaa koti moja. Nilipomwambia, hakucheka. Alisema, "Bora wamepata."

Siku ya binti wa Vidunda nilikuwa pale studio, kwenye benchi, na picha zangu za wanafunzi. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Gari lenye jeneza, lililotoka hospitali Morogoro, lilisimama ng'ambo ya barabara huku injini ikiwaka, na mwanamume mmoja akavuka kwa haraka ameshika simu iliyopasuka kioo.

"Fundi, tunaomba msaada wa haraka. Tumebeba marehemu na mlimani wanatusubiri."

"Poleni sana. Ni nani wako?"

"Binti wa dada yangu. Uzazi."

"Na mtoto?"

"Yuko naye humo humo."

Walitaka picha mbili: ndogo ya kubandika msalabani, na kubwa ya fremu ya kutangulia mbele ya jeneza wakati wa kupanda. Binti alikuwa na picha moja tu maishani mwake yenye kuonekana uso, ambayo rafiki yake alimpiga kwenye mahafali ya darasa la saba la mdogo wake. Ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ile, na simu haikuwa ikituma kitu. Yule mjomba alichomoa kadi. Fundi akaichomeka kwenye kompyuta, akaifungua picha kutoka hukohuko kwenye kadi, na dereva akapiga honi.

Niliona kwamba hakunakili. Nataka niseme hivyo wazi, kwa kuwa sijawahi kulisema. Niliona, nikafikiri kwamba fundi anajua anachokifanya, nikanyamaza.

Uso ulijaa kwenye kioo: msichana wa miaka kumi na tisa, amekaza midomo isiteleze kwenye kicheko. Mkono wa kushoto ukaanza. C, ukakata watu waliokuwa pembeni. Mandhari ikawa nyeupe. J, na mausi ikagusa mara mbili tatu usoni. S. Tena S. Kisha Kontroli na P, Kontroli na W, picha ikafungwa, na printa ikaanza kuguna. Nadhani mkono ulimchukulia kuwa bibi harusi. Alikuwa na umri huo.

Mama yake alivuka barabara akiwa ameshikwa kwapani na wanawake wawili. Alipewa fremu. Aliishika, akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga.

"Kovu lake liko wapi?"

"Kovu gani, mama?" Fundi aliuliza.

"La kwenye nyusi. Huyu mnayenipa hana kovu."

"Dada, twende," mjomba alisema. "Mchungaji anasubiri."

"Alianguka kutoka mgongoni kwangu, shambani, hajatimiza miaka miwili. Mimi ndiye niliyefunga kanga vibaya. Lile kovu ni langu. Liko wapi?"

Fundi aliirudia kompyuta. Aliifungua tena ile picha kwenye kadi. Ilikuja ilivyohifadhiwa: imekatwa, nyeupe nyuma, na nyusi mbili nzima. Alibonyeza Kontroli na Z. Haikutokea kitu, kwa sababu faili ukishalifunga, kompyuta haikumbuki tena ulichokifuta ndani yake. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya Mikumi na Kilosa. Aliendelea kubonyeza. Wale wanawake, ambao hawakuelewa, walidhani anafanya kazi.

Maziko hayangoji. Waliondoka na fremu, na kadi wakamwachia.

Matanga yalipokwisha mama alirudi, peke yake, ameshuka mlimani kwa miguu hadi barabarani. Fundi alisimama kumpokea, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mteja. Alimwambia kwamba angeweza kulichora kovu likaonekana lile lile. Amwonyeshe tu lilikuwa wapi na lilikuwa la namna gani.

"Sikumleta mtoto achorwe," mama alisema. "Nirudishie lililokuwepo."

"Mama, lililokuwepo limefutika."

"Limefutwa. Nirudishie."

Hakuketi. Hakunywa hata maji.

Kwa miaka saba Fundi alimtafuta binti yule ndani ya kadi yenye ukubwa wa ukucha. Aliipeleka Morogoro, akaipeleka Dar es Salaam, akajifunza programu za kuchimbua mafaili yaliyofutwa. Vilirudi vitu: nyimbo zilizokatika katikati, mbuzi wawili, dari ya nyumba iliyopigwa kwa bahati mbaya, kiwiko cha mtu. Uso haukurudi. Kila mwaka baada ya mavuno mjomba alipiga simu, na hiyo ndiyo simu pekee aliyoipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Fundi, dada anauliza kama kadi imefunguka."

"Mwambie bado natafuta."

Nilimwuliza siku moja kwa nini asimwambie ukweli.

"Upi?"

"Kwamba haitarudi."

"Mwalimu, wewe ungemwambia?"

Akaichomeka kadi tena, akaendelea kuchimbua.

Mkono wake ulibadilika. Alinakili mara tatu, kisha akafungua kuhakikisha kwamba nakala zipo, kisha akaketi anautazama uso wa mteja bila kuugusa, hadi mteja akauliza kama umeme upo. "Hili ni doa au ni lako?" alimwuliza kila mtu, kwa kila alama, hata mabibi harusi, ambao hawakupenda kuulizwa. Karibu na kituo cha mabasi vijana walikuwa wamefungua vibanda na walimaliza picha kwa simu wakati mteja bado anachana nywele. Watu wakaenda huko. Wengine walisema Fundi amezeeka. Wengine walisema amerogwa na watu wa mlimani, na sikuona sababu ya kubishana nao.

Kiharusi kilimpata akiwa kazini. Kilichukua upande wa kushoto: mguu, nusu ya uso, na mkono. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Kilosa mjini, nami nilipata habari baada ya bintiye kumchukua kwenda kukaa naye Masanze, yeye na kompyuta yake. Nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi mbele ya kioo, mkono wa kushoto umelala juu ya kibodi. Bintiye aliniambia kwamba humwomba kila asubuhi auweke pale.

Mjomba alinipigia mimi mwaka huo. Alisema dada yake amechoka, hatembei mbali, na ametuma neno: basi, Fundi achore. Anataka kuliona kabla hajaondoka.

Nilimpelekea Fundi maneno hayo Jumamosi iliyofuata. Akaniambia kwa ule ulimi wake ambao sasa uliburuta, "Keti kushoto kwangu."

Nikawa mkono wake wa kushoto. Alitamka, nami nikabonyeza. Nakala. Kontroli J. Nakala nyingine. Brashi, B. Punguza. Punguza tena. Nivutie karibu. Mausi aliishika mwenyewe.

"Upande gani?" aliuliza.

Nilimpigia mjomba. "Kushoto kwake," mjomba alisema. "Nadhani. Ndiyo, kushoto."

"Amesema anadhani," Fundi alisema. "Mwulize mama."

Lakini mama alikuwa juu, mahali pasipo na mtandao, na mjomba alikuwa Kidodi. Fundi aliutazama uso ule ambao alikuwa ameutazama kwa miaka saba. Hakuweza kukumbuka. Siku ile mkono ulikuwa umefika kabla ya macho yake.

"Haya," alisema. "Kushoto."

Tulitumia siku nzima kwa mstari usiozidi urefu wa punje ya mchele. Aliuchora, akaniambia Z, akauchora tena. Hakutaka ukae kama uzi uliobandikwa. Alitaka nywele za nyusi zikatike pale na ngozi ya katikati iwe nyepesi kidogo, kama ngozi iliyoziba ikiwa bado changa na ikakua na mtu. Mtu yeyote angeapa kwamba binti alizaliwa nao.

Nilipanda Vidunda pamoja na mjomba, picha hiyo ikiwa ndani ya fremu mpya. Mama nilimkuta kibarazani, amedhoofu, shuka mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha ndani. Ukutani ilikuwapo ile picha ya kwanza, ya msichana asiye na kovu, imefifia kidogo upande wa dirisha.

Alichukua fremu mpya, akaiegemeza magotini kuelekea mwangani. Akaitazama. Kidole chake cha shahada kikapanda taratibu juu ya kioo, kikaenda kwenye nyusi ya kulia ya binti yake, kikatulia hapo. Hapakuwa na kitu. Kidole kikasita, kikateleza juu ya paji la uso, kikasimama katikati.

"Mwalimu," alisema, "hebu nisaidie. Lilikuwa wapi?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Siwezi kusema kwamba sikuwa nao. Ningeweza kumwambia akirudishe kidole pale kilipokwenda chenyewe, nami ningeshuka na picha, na Fundi angelihamisha kovu kwa mapigo machache ya vitufe. Nilimtazama yule mama, nikautazama ukuta.

"Hapa, mama," nikasema, nikaweka kidole changu kwenye nyusi ya kushoto.

Alisogeza fremu karibu na macho.

"Eeh," alisema baadaye. "Hapo." Na baada ya muda mwingine: "Nimekaa sana na ile ya ukutani. Imenizoesha vibaya."

Mjomba aliitungua ya zamani na kutundika mpya.

Siku iliyofuata nilipita Masanze kabla ya kurudi kazini. Bintiye alikuwa amemlaza kitandani karibu na mlango. Nilimwamkia.

"Marahaba. Amelikubali?"

"Amelikubali, Fundi."

"Amesemaje?"

"Amesema, hapo."

Kifua chake kilishuka, kama kilikuwa kimezuiliwa tangu niondoke. Bintiye alileta uji, akauweka, akatoka. Nilidhani tumemaliza. Nilianza kumweleza habari za njia, kwamba mvua imeiharibu kule juu, lakini hakuwa akisikiliza.

"Alilikuta mwenyewe?" aliuliza. "Au ulimwonyesha?"

"Alilikuta mwenyewe."

"Kidole kilikwenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Alifumba jicho la kulia. La kushoto, ambalo tangu kiharusi halikuwa likifumba, lilibaki limenitazama, na nikakaa mbele yake hadi uji ukapoa.